Karatasi Niliyoahidi Kuchoma

Alhamisi, mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, mvua ile ya Kisangani isiyo na haraka, na mimi nimeketi barazani magoti yakiniuma. Jirani yangu Mama Véro amehamishia kikaango chake chini ya bati, na harufu ya mikate yake inaingia mpaka chumbani. Siku nyingine ningekuwa nimeshamwita aniletee michache ya moto. Leo harufu hiyo inanichafua roho.

Leo nimenyamaza pale nilipotakiwa kusema. Bon, hilo limeshatoka. Sasa nieleze.

Wanaopita hapa kwenye blogu wanajua kwamba tangu nistaafu nakwenda gerezani kila wiki kuwasaidia wafungwa kutoa gazeti lao. Nimekuwa mhariri maisha yangu yote. Sijui kulima, sijui kuvua, na wajukuu wangu wako Kinshasa. Ni kagazeti ka kurasa chache tu, kanapigwa fotokopi, halafu Jumapili baada ya ibada kanasomwa kwa sauti uani kwa sababu wengi mle ndani hawakusoma. Mkurugenzi wa gereza alikubali kwa sharti moja, kwamba lisitoke nje. Wafungwa nao walikuwa na swali lao. Zile karatasi za kusahihisha ninazobeba kwenda nazo nyumbani, zinaishia wapi? Nikawajibu bila kupepesa macho kwamba nazichoma.

Sijawahi kuchoma hata moja.

Ambaye hakufanya kazi ya magazeti miaka ile ya kusubiri karatasi ipande mto kwa boti hawezi kunielewa. Mkono wangu ulikuwa haujui kuchoma karatasi. Tangu ujana wangu kazini, karatasi zilizoharibika tulikuwa tunawapelekea akina mama wanaokaanga mikate, nao wanawafungia wateja. Kila mtu ofisini alikuwa na mama wake wa mikate. Nilikuwa hata najivunia jambo hilo. Waandishi vijana nilikuwa nawaambia waandike vizuri, maana kesho kuna mtu atawasoma huku mdomo umejaa mafuta. Watu wa mji huu wanasoma karatasi ya mikate mpaka neno la mwisho, kisha wanaigeuza upande wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa nikihubiri hivyo.

Donc kila wiki nilimpa Mama Véro fungu langu, naye alinirudishia asante yake kwenye sahani. Nilikula bila wasiwasi wowote.

Sasa nifike kwa Zaina. Hilo si jina lake. Ni mama wa makamo, alikuwa anauza vitambaa katika duka la mtu, mali ikapotea, akashitakiwa yeye. Kesi yake bado haijasikilizwa. Wenzake upande wa wanawake wanaandika sala na mapishi. Yeye aliandika kuhusu uongo wake mwenyewe. Binti yake mkubwa, ambaye nitamwita Neema, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anaishi kwa bibi yake, huku huku kwetu Mangobo. Ameambiwa kwamba mama yuko Ubundu anafanya biashara ya samaki.

Basi Zaina alieleza jinsi anavyobuni habari za Ubundu kila bibi anapokuja kumwona, ili azipeleke nyumbani. Treni imechelewa. Samaki wamekuwa ghali. Mama alishikwa na malaria kidogo lakini amepona, anawasalimu. Aliandika kwamba ukweli atamwambia binti yake kwa mdomo wake mwenyewe, mtoto akishamaliza mtihani wa serikali, asije akaingia chumba cha mtihani na mzigo huo kichwani. Ni maandishi bora kuliko yote tuliyopata tangu tuanze. Aliomba kitu kimoja tu, jina lake lisionekane.

Katika gazeti halikuonekana. Lakini mimi nina mazoea yangu. Juu ya kila karatasi ya kusahihisha naandika jina la mwandishi kwa wino mwekundu, herufi kubwa, jina lote na la baba yake, nisije nikachanganya kazi za watu. La Zaina nililiandika vilevile. Nikasahihisha, nikamaliza, nikaitia karatasi kwenye fungu la Mama Véro.

Leo nilipofika gerezani, hakuna aliyekuwa ameketi. Zaina alikuwa amesimama mezani, na mbele yake ipo karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imelowa mafuta mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Wino wangu mwekundu ulikuwa umesambaa kidogo pembeni, lakini jina lilisomeka vizuri.

Alitueleza taratibu, bila kulia. Neema alinunua mikate akienda shuleni. Alikula akitembea, akasoma akitembea, kama watu wote. Alipofika kwenye jina akasimama. Shuleni hakufika. Alikuja moja kwa moja gerezani, akamwomba mlinzi amwitie mama yake, na Zaina alipotoka, mtoto alimwonyesha ile karatasi na kumuuliza neno moja.

“Mama, samaki yako iko wapi?”

Halafu akamwachia karatasi, akaondoka. Bibi yake ametuma habari kwamba Neema hafungui kitabu, haongei na mtu, na amesema mtihani hatafanya. Miaka yote ile ya shule, na umebaki muda mfupi tu.

Mimi nilijua papo hapo. Mafuta yale yalikuwa ya kikaango cha Mama Véro.

Lakini hakuna aliyenitazama mimi. Walimtazama Bruno. Bruno ni mfungwa, zamani alikuwa karani, ndiye msaidizi wangu. Ndiye anayetunza rasimu kwenye katoni. Nilimpa kalamu nyekundu kama yangu na nikamfundisha kuandika majina kwa herufi kubwa kama zangu. Tena ana urafiki na mlinzi mmoja. Kwao mambo yalikuwa wazi, Bruno anapitisha karatasi nje na kuziuza. Mmoja alimwita mwizi hata ndani ya boloko, ndani ya gereza lenyewe. Bruno hakubishana nao. Alinigeukia mimi.

“Papa, waambie.”

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati. Nikasema tutachunguza.

Tutachunguza! Neno la ofisi, neno nililolitumia miaka na miaka kuwafukuza watu mlangoni bila kuwafukuza. Walimnyang'anya Bruno kalamu, wakamwambia asikanyage tena kwenye gazeti. Alitoka mikono nyuma kama anavyotembea mbele ya walinzi. Na Zaina, mimi nikikusanya vitu vyangu nikimbie, alinisogelea akazungumza nami kwa heshima kabisa.

“Weye papa, najua unachomaka zako. Yeye je?”

Nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, niliitikia.

Kwenye pikipiki, maji ya mvua yakiniingia shingoni, nilijipa sababu nzuri nzuri. Nikisema ukweli mkurugenzi atafunga gazeti, na wale watu hawana kingine. Nimelinda gazeti. Alors, nilipofika nyumbani nilijiuliza kama ningeruhusu mwandishi wangu achapishe upuuzi huo. Sikulinda gazeti. Nililinda kiti changu. Mle ndani ndimo mahali pekee palipobaki ambapo watu wananyanyuka nikiingia. Huku nje mimi ni mzee mwenye magoti mabovu anayebishana na redio.

Nilikwenda kwa Mama Véro nikamwomba karatasi zangu zilizobaki. Akauliza kuna ubaya gani, mbona zilikuwa bado safi. Nilizitia kwenye mbabula yake, juu ya makaa, moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi rahisi kabisa. Kumbe mkono ulikuwa unajua.

Kesho si siku yangu ya gereza, lakini nitaomba kuingia. Nitamwambia mkurugenzi kwanza, kisha wao wote, na Bruno awepo. Maandishi haya hayapandi kwenye blogu kabla sijasema mbele yao, na kabla Zaina hajayasikia. Nimeshamtoa nje mara moja bila kumuuliza.

Jumamosi, jua kali.

Nilisema.

Mkurugenzi alikasirika, na ana haki. Gazeti limesimamishwa mpaka atakapoamua. Wafungwa walinisikiliza, na hakuna aliyenyanyuka nilipoingia wala nilipotoka. Mmoja alimrudishia Bruno kalamu nyekundu. Aliipokea, akaiangalia, akaiweka mezani mbele yangu, akageuka kurudi chumbani kwake kulala. Nilimwomba msamaha nikiongea na mgongo wake. Sijui kama aliupokea. Sitajifanya najua.

Zaina alitaka nimsomee haya yote. Nilimsomea, na pale pa samaki nilitaka kuruka mstari, akaniambia niusome. Nikamwambia akikataa nayachana sasa hivi, mbele yake. Kisha akanipa habari yake. Asubuhi ile bibi alikuwa amemletea pondu, mboga ya majani ya muhogo, aliyoipika Neema. Mtoto mwenyewe alibeba sufuria mpaka getini, akaikabidhi kwa bibi, na yeye akabaki barabarani. Hakutaka kuingia. Zaina alikwenda ukutani akasimama, akijua kwamba mtoto yuko upande wa pili. Kuhusu mtihani, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwishowe alikubali niyaweke hapa, kwa sharti lake.

“Jina yangu usiandike. Andika ya kwako, yote, makubwa makubwa, na ile rangi.”

Kwenye blogu hii nimejiita Mzee wa Mangobo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasema mambo ya majina ni ya vijana wanaotafuta sifa. Uongo huo pia naufuta leo. Rangi nyekundu nimeitafuta kwenye kompyuta hii mpaka nimeipata. Aliyeahidi kuchoma na hakuchoma, na akamwacha Bruno atolewe mbele ya watu, ni huyu:

ANSELME LIKUNDE OSOMBA