Mikia ya Ua la Kinamasini

Maalim Swaleh, weka kikombe chini usome. Wallahi, leo mwalimu Kiarie ameumbuka!

Wiki jana jirani yangu Edinah alimwonyesha ua la rangi ya waridi katika kinamasi cha Ndanai. Kiarie akacheka: "Mama, hiyo ni gugu ya ng'ombe." Gugu ya ng'ombe! Kisha akalipiga picha kwa siri.

Leo kasimama mbele ya mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kabianga, aliyekuja kuchagua mtunzaji wa kinamasi, akadai ua kaligundua yeye. Edinah aliketi nyuma, amefunika kwa leso shina la ua lile, lililoangushwa na mvua. Alimwacha amalize. Alimwacha hata apigiwe makofi.

Ndipo akauliza kwa upole: "Mwalimu, huko nyuma ya ua kuna mikia ngapi?"

"Moja tu, mama, kama maua zingine."

Picha yake, Maalim, ilikuwa ya mbele tu!

Edinah akafunua leso, akaligeuza ua. Mikia miwili, myembamba kama sindano! Mhadhiri akaitazama, akamkabidhi Edinah ufunguo wa lango la kinamasi.

Akipita kando ya Kiarie, Edinah akamnong'oneza: "Sasa ukitaka kuona gugu, utabisha hodi kwangu."