Milango Saba ya Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo limebandikwa ubaoni. Vyuo vikuu vitatu vya serikali hapa mjini vinafanywa kimoja — baraza moja, mkuu mmoja, mhuri mmoja. Kampasi zitabaki mbili. Ya tatu “itaunganishwa”. Nimesoma kidole kikiwa chini ya mstari, shule yangu iliishia darasa la sita. Kuunganishwa! Hata kuku huunganishwa na sufuria.

Yetu ndiyo ndogo. Miaka thelathini na moja nashika funguo hapa. Mke wangu amesema afadhali, nitapumzika. Nikamwambia nitapumzikia nyumbani, kutwa nzima, mbele ya macho yake. Akaweka mwiko chini. Kisha akasema Mungu ainusuru hiyo kampasi.

Jumatano, 6 Machi
Kamati imekuja kukagua majengo. Watu watatu, mkubwa wao ana tepu ya kupimia — nimembatiza Bwana Futi. Wanafunzi wako likizo, mkuu wetu wa kampasi ameitwa wizarani. Nimebaki mimi na funguo zangu.

Nikawaona tu: wanyang'anyi! Kizuri watakachokiona watakibeba. Na kizuri chetu ni maabara saba za ghorofa ya pili — mabomba, meza za mawe, darubini mpya. Mjukuu wangu anasomea humo, mwaka wa pili, anachungulia vidudu. Niwaoneshe? Thubutu!

Nikasema funguo za huko hazipo. Bwana Futi akauliza ni vyumba vya nini. Nikajikuna kichwa: “Sijui, mwanangu. Havijafunguliwa tangu nikiwa na nywele.” Akacheka, akaandika. Wakashuka.

Nimecheka mpaka nikapaliwa. Mimi wa darasa la sita nimewachezea shere maprofesa!

Jumanne, 12 Machi
Kimya. Nimetia mafuta vitasa.

Ijumaa, 15 Machi
Balaa.

Ripoti imetoka. Mkuu wa kampasi ameniita ofisini — namwita Mama Chaki, vidole vyake havikosi vumbi la chaki. Akanisomea: “Vyumba saba ghorofa ya pili havijatumika kwa miaka mingi. Kampasi hii haina haja ya kuwepo.” Tufungwe sisi!

Na si hilo tu. Yeye alikuwa amewaandikia kwamba maabara saba zinafanya kazi. Sasa baraza jipya linauliza mwongo ni nani.

Kwa hiyo hawakuja kunyang'anya. Walikuja kuhesabu vinavyotumika! Nimevificha vile hasa ambavyo vingetuokoa.

Akaniuliza, “Mzee wangu, siku ile ulikuwepo?” Nikasema nilikuwepo. “Funguo zilikuwepo?” Nikasema … baadhi. Baadhi! Zote saba zilikuwa mfukoni, zinaniunguza paja.

Akasema labda kamati ilipotea njia. Akanipa pole kwa usumbufu. Pole, mimi!

Jumamosi, 16 Machi
Chakula hakipiti. Mke wangu ameuliza nimemuua nani. Nikamweleza yote. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli — miaka arobaini hajawahi kukosa kuucheka ujinga wangu.

Akasema nenda kaseme. Nikasema watanifukuza. Akasema, “Ukifukuzwa wewe, ni mtu mmoja.” Akaondoa sahani.

Jumatatu, 18 Machi
Nilifika mpaka mlangoni kwa Mama Chaki. Nikauliza kama dirisha lake linafunga vizuri. Linafunga. Nikaondoka.

Jioni mjukuu amekuja. Wameambiwa wajiandae kuhamia kampasi ya ng'ambo ya mji. Huko hakuna maabara, watasubiri mwaka mzima zijengwe. “Mume wangu,” akaniambia, ndivyo anavyonitania tangu mdogo, “kuna mjinga aliwaambia kamati eti vyumba vyetu ni magofu. Nikimpata, utanishikia mkoba nimtandike.”

Nikacheka. Kicheko kikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Bibi yake akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 21 Machi
Niko kwenye benchi, korido ya baraza jipya. Mama Chaki ameniomba nimbebee mafaili. Nilisema nitamwambia kwenye gari. Akawa anasoma karatasi zake, midomo inacheza kama mtoto wa mtihani. Nikaangalia nje.

Ameingia saa tatu. Sasa saa tano. Mlango wao ni wa mbao nzito lakini umepinda chini, maneno yote yanapita. Bwana Futi anasema, “Basi, mama, tuseme maabara zako ziko kwenye makaratasi tu?” Mwingine anasema kuandika uongo ni kosa la kumvua mtu cheo. Mama Chaki sauti haipandi. Anasema, “Muulizeni anayeshika funguo zangu. Yuko hapo nje. Hajawahi kunidanganya.”

Yesu na Mitume! Hajawahi.

Katibu ametoka, msichana mwenye viatu vya kelele. “Babu, wanakuita.” Nimemwambia mstari mmoja tu, mwanangu, namalizia. Funguo saba nimezichomoa kwenye pete, ziko kiganjani, zimelowa jasho. Anasubiri, ameushika mlango wazi. Miaka thelathini na moja nawafungulia watu, leo nimefunguliwa mimi. Naingia nazo zote saba, si baadhi.