Kibao cha Mlango Usio na Ngazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mke wa fundi wa duka la uchapaji
Umri: miaka 23
Elimu: kidato cha nne
Kazi: msaidizi katika duka hilo hilo
Makazi: vyumba viwili nyuma ya duka
Siku: Alhamisi, tarehe 11 mwezi huu, kuanzia saa tatu na robo asubuhi

Ndiyo, na kama nilivyokuwa nikimweleza afande pale kaunta kabla hajanipa karatasi, mume wangu anawadanganya. Anawadanganya kwa sababu ananipenda, lakini ni uongo. Kile kibao hakukitengeneza yeye. Nilikitengeneza mimi, na nimeomba kuandika haya kwa mkono wangu ili asije mtu akasema nimewekewa maneno mdomoni.

Tumeoana wiki sita zilizopita. Afande amesema habari za harusi niziache, lakini bila harusi hamtaelewa zile herufi zilitoka wapi, kwa hiyo naomba nafasi kidogo tu. Mume wangu nilimjua nilipompelekea barua ya kuombea kazi anichapie. Aliisoma, akasema, "Dada, maneno yako ni mazuri ila umeyabana, hayapumui." Akaongeza nafasi pembeni, akakata aya moja ikawa mbili. Kazi sikuipata, nilimpata yeye. Tulipokaribia kuoana alikataa kutumia herufi za kwenye kompyuta kwa kadi yetu. Alikaa jioni kumi na moja akizichora mwenyewe, zenye mikia mirefu, na mkia wa herufi ya jina langu akaupitisha ndani ya herufi ya jina lake. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile. Mpaka leo siwezi kuandika "mume wangu" bila kutabasamu, hata hapa nilipo, mnisamehe.

Harusi yetu ilikuwa kwenye ukumbi huo huo wenye kile kibao. Meneja wa ukumbi aliipenda kadi, akataka vibao vyote vya ukumbi viwe na herufi hizo, rangi ya dhahabu juu ya rangi ya maziwa, na maua pembeni. Vilikuwa tisa. Mume wangu alikubali vinane: cha mlango mkuu, vya vyoo, cha jikoni, cha chumba cha bibi harusi na vingine. Cha tisa kilikuwa cha mlango wa ghorofani ambao nyuma yake ngazi ilikuwa imevunjwa ijengwe upya. Hicho alikataa. Alimwambia meneja mbele yangu, "Kadi mtu huisoma amekaa. Kibao cha hatari mtu hukisoma anatembea." Akakifanya chekundu, herufi nene zilizosimama wima, maneno mawili makubwa: HATARI. USIFUNGUE. Chini yake: Hakuna ngazi.

Ana desturi yake. Kila kibao kabla hakijatoka dukani hukiegemeza mlangoni, anavuka barabara, anamshika mtu yeyote anayepita na kumwambia, "Nisomee pale pameandikwa nini." Mtu akisitasita, anarudi kuanza upya. Watu wa mtaani wamemzoea, wanamwita Mwalimu wa Barabarani. Kile chekundu kilisomwa na mwanamke aliyekuwa amebeba ndoo kichwani, na hakusimama.

Mnamo Jumatano tarehe 3, saa tisa alasiri, meneja alikuja dukani akiwa amekibeba kwapani. Nilikuwa peke yangu. Mume wangu alikuwa shuleni upande wa pili wa mji akipachika ubao wa jina la shule. Mwalimu mkuu alikuwa naye mpaka saa kumi na mbili, anaweza kuulizwa.

"Shemeji, mumeo amenifanyia nini?" akasema.

"Kwani vipi?"

"Vibao vinane vimekaa kama maharusi, halafu huyu wa tisa kama trafiki. Watu wamekuja kusherehekea, mimi niwafokee?"

Nilicheka. Nikamwambia mwenyewe alisema kibaki hivyo hivyo.

"Mwenyewe hayupo. Na zile herufi si zako wewe? Basi nimekuja kwa mwenye mali."

Alijua pa kunishika. Nilikaa kwenye kompyuta, ambamo mume wangu alikuwa ameshaziingiza zile herufi zake. Meneja alitaka na maneno yalainishwe, kwa hiyo nikaandika mistari mitatu: Mpendwa mgeni wetu, tunakuomba usitumie mlango huu, ngazi imevunjwa. Mstari wa kwanza niliufanya mkubwa kuliko yote kwa sababu M ilikuwa inapendeza, ina mkia unaozunguka mpaka chini. Mkia ulichukua nafasi, kwa hiyo mstari wa pili nikaupunguza, na wa tatu nikaupunguza zaidi ili maua yaenee. Dhahabu juu ya rangi ya maziwa. Kompyuta imeandika yenyewe kwamba faili lilihifadhiwa saa kumi na dakika kumi. Kibao cha mlango mkuu na vya vyoo pia vinaanza na Mpendwa mgeni wetu. Nilifurahi kuona vinafanana.

Mlango wa duka ulikuwa wazi na barabara iko hatua nane kutoka kwenye kiti. Sikuvuka.

Mume wangu aliporudi sikumwambia. Nilitaka akione kikiwa ukutani, anisifu. Kile chekundu nilikificha nyuma ya kabati. Leo nimekuja nacho, afande amekipokea.

Mnamo Jumamosi tarehe 6 nilikwenda ukumbini kuona vibao vyote vikiwa vimepachikwa. Kulikuwa na harusi ya watu nisiowajua. Saa kumi na dakika ishirini alasiri nilikuwa kwenye korido ya ghorofani. Taa mbili kati ya nne zilikuwa haziwaki. Mlango wa ngazi na mlango wa choo cha wanawake imeachana hatua nne, na vibao vyake vina ukubwa mmoja. Mlango wa ngazi haukuwa na kufuli wala ubao wa kuzuia. Kwa nini haukuwa na kufuli, hilo sijui, meneja aulizwe.

Alikuja mama mtu mzima, gauni la kijani, anatembea taratibu. Sasa najua ni mkunga mstaafu na alikuwa bibi yake bwana harusi. Alisimama mbele ya kile kibao changu. Alivaa miwani. Akapitisha kidole juu ya M, akaufuata ule mkia mpaka mwisho wake, kama mtu anavyoangalia ushonaji wa kitambaa. Nilikuwa kama hatua kumi kutoka kwake. Nilimsikia anasoma kwa sauti: "Mpendwa mgeni wetu." Akatabasamu. Na mimi nikatabasamu. Nilijisemea moyoni, nikirudi nitamwambia mume wangu kuna mtu amezipapasa herufi zetu. Sikufikiri juu ya kile kinachosemwa na kibao. Nilifikiri juu ya herufi.

Kisha akasukuma mlango.

Hakupiga kelele. Nilisikia kishindo, halafu mawe madogo yakiporomoka. Nilipofika nilishika fremu ya mlango. Chini ni zaidi ya mita nne. Alikuwa amelala juu ya matofali ya ile ngazi ya zamani, miwani ingali usoni, macho wazi, akiniangalia. Aliniambia, "Mwanangu, choo kiko wapi?" Mpaka gari la hospitali linafika aliendelea kuuliza hivyo. Mara ya tatu nilimjibu kwamba kiko upande wa kushoto.

Mnamo Jumapili tarehe 7, saa mbili asubuhi, askari wawili walikuja dukani wakauliza nani ametengeneza kibao. Mume wangu aliniangalia mara moja tu. Alikuwa ameshajua, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo nilimweleza kila kitu. Akasema, "Mimi." Akaomba avae shati safi, wakamruhusu. Mkono wa kulia ulikuwa hauna kifungo, nikamkunjia haraka haraka mpaka kwenye kiwiko, naye akasema, "Pole pole, mke wangu, hawa hawana haraka."

Jumatatu nilipomletea chai hapa kituoni alinong'ona, "Wewe hukuwepo dukani."

"Nilikuwepo."

"Nakuomba, tangu nikuoe hujanitii hata mara moja. Anza na hili."

Nilicheka huku nalia. Askari wa zamu akatutazama kama wendawazimu. Leo ni siku ya tano yuko ndani, na meneja amesema kwamba duka halikumwonya. Lilimwonya. Aliyemwonya ndiye mliyemfungia, na mimi ndiye niliyeliondoa lile onyo nikiwa nimekaa vizuri, sijalazimishwa na mtu.

Saa nne kasoro robo afande ameniwekea mezani picha mbili za vibao, akaniuliza ipi ni ya choo. Nimeziangalia. Imenibidi niinamie karibu na kusoma mstari wa pili. Mimi niliyekiandika kimojawapo. Naomba hilo liingie.

Jana, Jumatano tarehe 10, saa kumi alasiri, nilikwenda hospitali. Sikuruhusiwa kuingia wodini. Binti yake alitoka, tukasimama koridoni. Uti wa mgongo umevunjika. Madaktari wamemwambia kwamba mama yake hatatembea tena. Nilijitambulisha. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Akasema, "Mama haulizi miguu. Anauliza kile kibao kilimalizia kusema nini. Anasema alisoma mwanzo wake tu, ulikuwa mzuri. Sisi hakuna aliyethubutu kumwambia."

Nilifungua mdomo nimwambie pale pale.

"Usiniambie mimi," akasema. "Uje umwambie mwenyewe. Baada ya tarehe ishirini ataruhusiwa kuonana na watu."

Niliyoyaweka hapa ndiyo ninayoyajua, na mengine sina. Namwomba afande amwachie mume wangu. Kama mtanizuia mimi badala yake, sitalalamika, ila mnipeleke na askari hata kwa saa moja. Nimemwahidi yule binti, na naahidi tena hapa kwa maandishi, kwamba kabla ya mwezi huu kwisha nitakwenda kwa mama yake, nikae kando ya kitanda, nimsomee mstari wa pili na wa tatu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu, kisha akayasoma kwa sauti na kukiri kuwa ni yake. Alionywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, akasema ameelewa. Yamekamilika saa tano na dakika arobaini asubuhi.

(Sahihi ya afisa wa zamu)