Zaituni Kaingia kwa Daktari Peke Yake

Jumanne. Asubuhi mvua imeipiga Ujiji mpaka mchanga wa ufukweni umekuwa kama uji, halafu jua likatoka kana kwamba halijui kitu. Mimi nina furaha mpaka chakula cha mchana kimenishinda.

Wenye roho ya kwa nini mnisamehe, leo najisifu. Binti yangu kaingia kwa daktari peke yake.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Zaituni ni mwanangu wa pili, ana miaka thelathini, fundi cherehani. Miaka sita iliyopita alianza kusikia sauti tusizozisikia sisi. Akawa halali, akatembea peku mpaka mtaa wa Gungu akigombana na watu wasioonekana. Ni ugonjwa mkubwa wa akili, sifichi. Hospitali wakamwanzishia sindano ya kila mwezi, sauti zikapungua, nyumba ikatulia.

Tangu hapo kila kliniki tunaingia wawili, na msemaji ni mimi. Anaulizwa Zaituni, najibu mimi. Analala? Analala. Anakula? Anamaliza samaki mzima. Kuna shida yoyote? Hakuna, daktari, dozi ileile.

Hapo nilikuwa nasema uongo.

Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kutunga uzi kwenye sindano hawezi, mshono unakwenda kama njia ya panya. Nguo za watu zikaanza kurudishwa, wateja wakahamia kwingine. Akaniambia, "Mama, mwambie daktari, hii dawa inaninyang'anya kazi." Nikamjibu sawa. Sikusema. Niliogopa dawa ikipunguzwa zile sauti zitarudi, na mimi kumkimbilia mtu mzima barabarani sitaki tena.

Na kuna jingine, niliandike tu nimalize. Nilishamzoea akiwa kimya. Akiwa kimya, nami napata usingizi.

Miezi mitatu iliyopita akachoka na mimi. Tuko mlemle ndani kwa daktari, nimeshafungua mdomo, akanishika mkono: "Mama, naulizwa mimi." Akamnyooshea daktari vidole vyake vinavyocheza. Daktari akanitazama. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Wakakubaliana wao wawili: dawa ipungue kidogo kidogo, naye awe anarudi mara kwa mara aangaliwe.

Wiki zile mimi sikulala. Yeye alilala vizuri tu! Ugonjwa haujaondoka, siku nyingine bado sauti moja humjia, anasema siku hizi imekuwa kama redio ya jirani. Lakini vidole vimetulia. Mwezi huu kashona sare za madrasa nzima. Ukiona mtoto Ujiji amependeza, uliza fundi ni nani.

Leo nesi akaita mlangoni, "Mama Zaituni, piteni." Mwanangu akasema, "Mama atapumzika hapo. Nimekuja mwenyewe." Nikabaki kwenye benchi. Bibi mmoja aliyekaa pembeni akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akauliza mgonjwa wangu yuko wapi.

"Yuko ndani, anajisemea mwenyewe," nikamjibu, kifua mbele.

"Ee! Na wewe sasa umekuja kufanya nini?"

Tukacheka mpaka nesi akatutazama vibaya.

Zaituni akatoka na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, daktari kabaki na nakala kwenye faili. Kaandika dalili zake akianza kuzidiwa, hospitali anayotaka kupelekwa, na kwamba asifungwe kamba. Niliwahi kukubali afungwe, Mungu anisamehe. Chini kabisa, majina ya watu wa kuitwa. Nikatafuta langu. Wa kwanza ni Mwajuma, yule anayekaanga samaki wa migebuka mbele ya kibanda cha Zaituni cha kushonea. Mimi ni wa pili.

Wa pili! Mimi niliyemzaa!

Kwenye bajaji nikashindwa kujizuia. "Huyo Mwajuma kakuzaa lini?"

Akacheka sana, kisha akasema taratibu, "Mama, mimi nikinyamaza wewe unamshukuru Mungu. Mwajuma anakuja kuniuliza nina nini."

Tumefika nyumbani nikiwa bado natafuta neno la kumjibu. Sikulipata, kwa sababu ni kweli.

Sasa ni saa kumi jioni. Yuko kibandani anagombana na mteja aliyeleta kitambaa pungufu na anataka gauni la mkia. Sauti yake inafika mtaa wa pili. Zamani ningetoka mbio kumtuliza. Leo nimekaa ndani naandika, namsikiliza, naona raha. Na mteja ndiye mwenye makosa, hata hivyo.

Huyo ni mwanangu, jamani. Anajua anachotaka na anakisema.

Asubuhi nitamuuliza ameamkaje, halafu nifunge mdomo mpaka amalize kujibu yeye. Mimi na mdomo wangu huu, nitaweza?