Maji Yakijaa: Ratiba ya Matembezi ya Ashar

CHAMA CHA WATU WA BASRA, AMMAN
Kikao cha Jumamosi, 9 Machi 2024, mwaka wa arobaini na nne tangu vita vya Iraq na Iran vitutoe kwetu. Mahali: sebuleni kwa Bi. Nazhat.

Waliohudhuria: Bw. Dawud al-Mundil (Mwenyekiti), Bi. Nazhat Salman, Bw. Laith Sabri (kwa niaba ya wajukuu wa wanachama), Bw. Hikmat Abbud (Katibu).
Udhuru: Bw. Jirjis Hanna, anaumwa miguu.

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba wajukuu wanakwenda Basra mwezi ujao kuuona mtaa wa Ashar. Kwa kuwa hakuna aujuaye mfereji wake unaojaa na kupwa kama Katibu, alimtaka awaongoze. Katibu aliomba ratiba yake isomwe kwanza.

KUMB. NA. 2/2024: RATIBA
Ilisomwa, ya siku tatu. Maji yakijaa, mtumbwi kutoka darajani, kupita chini ya madirisha ya mbao ambako wanawake walishusha vikapu kununua tende. Maji yakipwa, chai ya ndimu kavu upande wa kivuli, kisha samaki wa kuoka.

Bw. Laith aliuliza, "Ami, maji yanajaa saa ngapi?"

Mwenyekiti alijibu kwamba Basra watu waliahidiana kwa maji, si kwa saa. Bi. Nazhat aliunga mkono: wakwe zake wa Baghdad walifuata saa, mtumbwi wa bibi harusi ukakwama topeni mtaa mzima ukitazama. "Mpaka leo mawifi zangu wananiita Bi. Tope."

KUMB. NA. 3/2024: KASORO
Bi. Nazhat alivaa miwani, akaisoma ratiba mwenyewe, akahoji mbona siku zote tatu maji yanajaa jua likichomoza, ilhali kila siku huchelewa. "Hikmat, wewe mtoto wa mferejini. Maji gani haya hayasogei?"

Katibu alieleza kwamba aliandika kutoka kichwani, na kumbe maji aliyo nayo kichwani ni ya asubuhi waliyoondoka Basra. Yalikuwa yamefika ngazi ya mlangoni, na dirisha la mama yake lilikuwa wazi.

Mwenyekiti alisema, "Basi twende ukayaone yakisogea, ndugu yangu."

Katibu alijibu kwamba akiyaona ya leo, yale ya kichwani yatapwa.

Iliazimiwa Bw. Laith aongoze, na ratiba iandikwe upya kwa saa. Bi. Nazhat alipinga saa.

KUMB. NA. 4/2024: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kutia saini, Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba Katibu hatarudi Basra safari hii. Katibu aliomba maneno "safari hii" yafutwe. Yamefutwa. Katibu hatarudi Basra.

D. al-Mundil, Mwenyekiti
H. Abbud, Katibu