Bisibisi ya Baba

Jumapili, Matogoro

Nimemdanganya baba, na sijajua kama najuta.

Kile kidude cha bei rahisi cha kupimia gari nilikuwa nakidharau. Leo nimekichomeka chini ya usukani wa gari lake kuukuu, na simu yangu niliyoiunganisha nacho ikaandika bila kusita: silinda ya tatu inamisi, haichomi mafuta sawasawa.

Baba hakutaka hata kuitazama simu. Yeye miaka yote anapima kwa bisibisi: ncha kwenye injini, mpini sikioni. Akainama, akasikiliza muda mrefu kuliko zamani.

"Ya pili hiyo, mama. Badilisha plagi ya pili."

Zamani hakuwa akikosea. Lakini siku hizi namwita mara tatu ndipo ageuke, na redio yake inasikika mpaka kwa jirani. Hatujawahi kulizungumza.

Nikaficha simu mfukoni. "Sawa, baba. Ya pili." Alipoingia ndani kunywa chai nikabadilisha ya tatu, haraka haraka kama mwizi.

Gari likawaka, likatulia. Baba akatoka, akaweka kiganja juu ya boneti na kufumba macho.

"Si nilikwambia?"

"Ulisema, baba."

Akaiokota plagi ya zamani, akaigeuzageuza, kisha akainua boneti, akatazama injini. Waya wa tatu ndio pekee uliokuwa umefutika vumbi. Akaifuta bisibisi kwa shati lake, akanipa.

"Kaa nayo wewe, mama. Masikio yako bado mazima."