Injini za Ndege ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, nisaidie, moyo wangu umejaa raha na hofu kwa pamoja. Nimeolewa juzijuzi tu na fundi wa majokofu, mwanamume mpole, namwita Rubani ingawa hajawahi kupanda ndege, na akirudi kutoka kazini akaoga tunabanana mbele ya kompyuta tukicheza mchezo wa kujenga mji, mimi naweka barabara na shule, yeye anatengeneza ndege, maana ndege za mchezo wenyewe ni za kisasa na zote zinafanana, yeye anapenda jeti za abiria za zamani, anazichonga mwenyewe humo humo, dirisha moja moja, na wachezaji wenzake huzichukua wakazirusha katika miji yao, nami nikimtazama alivyojiuma ulimi akipaka rangi mkia, jamani, naolewa upya.

Sasa amemtengenezea mama yake ndege. Mama mkwe alikuwa mhudumu wa ndege ujanani, na mume wangu alitaka kumshtukiza, hivyo hakumuuliza kitu, akafuata picha ya ukutani ambamo mama amesimama mlangoni pa ndege, juu ya ngazi, mabawa na mkia havionekani. Akakisia: injini nne chini ya mabawa, na jina la mama karibu na pua. Jumapili mama akaitazama ikiruka juu ya mji wetu, akafuta machozi. "Mwanangu, umenirudisha usichanani."

Kumbe! Jikoni, tukiosha vyombo, akaninong'oneza: "Mkwe, ile si yangu. Yangu ilikuwa na injini tatu, zote mkiani. Ile walipanda wenzangu wa safari za mbali, na walivyokuwa wakituringia! Lakini usimwambie, ataumia."

Rubani atawaachia wachezaji wenzake ndege hiyo Jumamosi hii, na kila mara ananiuliza, "Mama alisemaje kule jikoni?" Nikisema, nimetoa siri ya mama mkwe hata sijazoeleka. Nikinyamaza, jina lake litaruka kwenye ndege ya waliomringia. Nifanyeje?

Bi Harusi Mwenye Raha

*

Bi harusi, hongera. Barua yako imenichekesha peke yangu kama mwehu.

Lakini kunyamaza, hapana. Mama mkwe angekuwa ameridhika, asingeyasema hata kwa sufuria. Mtu anayekumbuka mpaka maringo ya wenzake ana hamu ya kusimulia, ila anamwonea mwanawe huruma. Nawe unamwonea mumeo huruma. Mkiendelea hivyo mtapendana maisha yote bila kuzungumza.

Siri si yako, kwa hiyo usiitoe. Nenda kwa mama mkwe kabla ya Jumamosi, umwambie bila kuzunguka: "Mama, mwanao anataka kukupa ndege yako, si ya wenzako. Mwambie mwenyewe." Anaogopa mwanawe ataumia? Mwanamume anayechonga dirisha moja moja, ukimwambia kuna ndege nyingine ya kutengeneza, umempa zawadi. Kitakachomuumiza ni kujua baadaye kwamba mlijua. Ile ya injini nne aifute jina tu, iruke zake, haina kosa.

Mumeo akikuuliza tena, mjibu, "Muulize mama, ana mengi." Basi.

Na wakishaketi wawili hao, wewe toka nje ukaanike nguo. Ukimsikia mama akisema, "Si hapo, mwanangu, sogeza nyuma," usiingie ndani mpaka wakuite.